Mpe Pembe, Kisha Umwache

Mtu akipata mjusi wa kufuga, agizo la kwanza analopewa na wafugaji wenye uzoefu ndilo gumu kuliko yote yatakayofuata: usimshike. Mtie kwenye makao uliyomwandalia, mwekee maji, hakikisha ana mahali pa kujificha, kisha ondoka. Usimpapase. Usiwaite watoto wa jirani waje kumwona. Usifunue maficho yake kila mara kuangalia kama bado yumo. Kwa wiki ya kwanza, na mara nyingi hata ya pili, kazi yako ni kubadilisha maji, kuweka chakula kidogo jioni na kuondoa kilichobaki asubuhi. Asipokula siku za mwanzo, usimlazimishe.

Nimelitafakari sana agizo hili hapa Ipuli, katika mji wa Tabora, mahali ambapo ni nadra mtu kununua mjusi ingawa karibu kila nyumba inao ukutani. Kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyoona kwamba ni suala la adabu kabla ya kuwa suala la utaalamu. Anayempenda mnyama hutaka kuwa karibu naye, na hapa anaambiwa kwamba siku ambazo moyo wake unamvuta zaidi ndizo siku za kukaa mbali. Mapenzi yake yapimwe kwa yale ambayo hakuyafanya.

Sababu za agizo hilo zimo mwilini mwa mjusi mwenyewe. Mjusi hatengenezi joto lake. Hulipata kutoka ukutani, kwenye jiwe na hewani, na bila joto hilo hata chakula alichokwisha kumeza hakisagiki vizuri tumboni. Ndiyo maana wafugaji hupasha moto upande mmoja wa makao na kuuacha wa pili upoe, ili mjusi aende na kurudi akijipimia anachohitaji. Kwa mjusi mwenye madoa kama ya chui, ambaye asili yake ni Afghanistani, Pakistani na kaskazini-magharibi mwa India, na ambaye ni miongoni mwa mijusi wanaofugwa sana duniani, upande wa joto huwekwa karibu na nyuzi 32 za Selsiasi na wa baridi karibu na 25. Sasa fikiria mjusi aliyetoka safarini. Hajui wapi pa kuota wala wapi pa kupoa. Hajui akimbilie wapi kivuli cha mkono kikipita juu yake. Katika maisha yake yote ndege, nyoka na paka wamekuwa wakimwinda, kwa hiyo hawezi kutulia kula mahali asipojua njia ya kutorokea. Kukataa kwake chakula ni akili iliyomfikisha hai mpaka hapo.

Mkia ndio ghala lake. Humo huhifadhi mafuta, na mjusi mzima mwenye afya anaweza kuishi kwa akiba hiyo siku kadhaa bila kula. Lakini mkia huohuo ndio anaouacha mdomoni mwa adui. Ndani yake mna sehemu zilizoumbwa zikatike. Misuli hujibana, damu haimwagiki nyingi, na kipande kilichokatika huendelea kurukaruka wakati mwenyewe ameshatokomea. Anayemshika mjusi mgeni kwa pupa anaweza kubaki na kipande hicho mkononi. Mkia utaota tena, wenye gegedu mahali palipokuwa na mfupa, mara nyingi mfupi na wa rangi nyingine. Hata hivyo akiba imekwisha kupotea, tena katika siku zilezile ambazo iliwekewa.

Kuna pia ngozi. Mjusi hujivua ngozi yake mara kwa mara, na wengi huila wakishaivua. Hewa ikiwa kavu mno, ngozi hiyo hukwama kwenye ncha za vidole na kuvibana mpaka damu isipite, na kidole hufa. Vidole hivyo ndivyo utajiri wa mijusi wanaopanda kuta. Chini yake mna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo ncha zake zimegawanyika mara nyingi, vikigusana na ukuta kwa ukaribu mno hata nguvu hafifu zilizopo kati ya chembe na chembe zinatosha kumshikilia darini kichwa chini, bila gundi. Ndiyo maana mfugaji huweka kipembe chenye unyevu, pengine kikopo chenye kuvumwani au kitambaa kilicholoweshwa, na hupuliza matone ya maji kwenye kuta za kioo jioni. Mijusi wengi hawajui kunywa kwenye bakuli, hulamba umande.

Haya yote mtu wa Berlin au London huyanunua dukani kwa fedha nyingi: taa ya joto, kipimajoto, magome ya kujificha, chupa ya kupulizia maji. Nyumba ya udongo ya hapa Unyamwezi ilikuwa nayo bila mtu kukusudia. Tembe za zamani zilijengwa kwa kuta nene za udongo na paa bapa la miti na udongo juu yake. Ukuta wa magharibi ulipigwa jua alasiri nzima, ukalitunza joto lake hadi usiku. Wa upande wa pili ukabaki baridi. Kati ya boriti na udongo palikuwa na nyufa za upana wa mwili wa mjusi. Jikoni palikuwa na mtungi uliovuja jasho na moto ambao haukuzimika kabisa. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hapa una baridi inayowafanya watu watafute shuka zito. Mjusi wa tembe hakuhitaji kuhangaika. Alihama hatua chache tu kutoka ufa mmoja hadi mwingine, akayapita majira.

Nyumba zinazojengwa Ipuli siku hizi ni safi zaidi, na naziona kuwa ni baraka kwa waliohangaika kuzijenga. Lakini kwa mjusi ni jangwa. Lipu ni laini bila ufa, chini malumalu, juu dari la jipsamu lililozibwa pembe zote, madirishani nyavu za mbu. Dada yangu alipohamia nyumba ya namna hiyo, mjusi mmoja alisafiri naye ndani ya kabati la nguo bila mtu kujua. Alionekana siku kabati lilipofunguliwa: kijusi cha rangi ya majivu, kimejibanza nyuma ya rafu, tumbo limeingia ndani. Mpwa wangu, ambaye bado yuko shule ya msingi, alikuwa ameshatafuta chupa tupu ya siagi ya karanga na kuitoboa kifuniko.

"Mjomba, nimtie humu nimlishe," aliniambia.

"Atakula vipi hali hajui yuko wapi?"

"Si nitamwonyesha chakula?"

"Mwanangu, huyu ana hofu kuliko njaa. Mwache kwanza apazoee."

Alikubali, ingawa kwa shingo upande. Tulichokifanya kilikuwa kidogo. Kabati lilisogezwa mpaka karibu na ukuta unaopakana na jiko, likaachiwa upenyo wa kidole kimoja nyuma yake, na mama yake akakubali lisisogezwe tena kwa ajili ya usafi mpaka tutakaposema. Taa ya barazani, ile inayokusanya nondo na mbu, iliwashwa mapema kila jioni, na dirisha dogo lililo juu yake likaondolewa wavu pembeni kidogo. Mtoto alipewa kazi ya kurashia matone machache ya maji ukutani kabla ya kulala. Na alipewa kazi nyingine ngumu zaidi, ya kutokuchungulia nyuma ya kabati.

Kisha tukangoja. Ishara ya kwanza haikuwa mjusi mwenyewe. Ilikuwa kinyesi: chembe nyeusi yenye ncha nyeupe, imeanguka kwenye kizingiti cha dirisha. Nilimweleza mpwa wangu kwamba sehemu nyeusi ni mabaki ya wadudu na ile nyeupe ni mkojo uliokauka, kwa kuwa mijusi hawapotezi maji kama sisi. Maana yake mgeni amekula, na amesaga alichokula, na ili asage lazima awe amepata joto. Amegundua njia ya kutoka kabatini hadi barazani na kurudi. Chembe ile ilibeba habari nyingi kuliko ambazo tungezipata kwa kumtia chupani. Tangu siku hiyo mtoto aliacha kuuliza kama anaweza kumshika. Akaanza kuuliza ameenda wapi, amekula nini, kwa nini leo kinyesi kiko upande ule. Nadhani hapo ndipo alipoanza kumfuga, ikiwa kufuga ni kuyabeba maisha ya mwingine moyoni na kuyafuatilia.

Mji huu una elimu ya zamani kuhusu wageni waliochoka, na haikuanza kwa mijusi. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: kutoka pwani kwa upande mmoja, kuelekea Ujiji na ziwa Tanganyika kwa upande mwingine, na Karagwe na Buganda kaskazini. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo, na waliofika hapa walifika miguu imevimba na homa zikiwatetemesha. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kaze, kama palivyoitwa wakati huo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya kutembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Mwenyeji wao mkuu alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1860, Burton anasimulia jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita: wafanyabiashara wa Kaze hawakuja kumwamkia papo hapo. Walimwachia siku nzima apumzike na kuwaruhusu wapagazi wake waende makwao, ndipo wakaja kwa heshima zote kumsalimia.

Siku hiyo moja ya kuachwa naiona kuwa ni ukarimu uliokomaa. Wenyeji wale walikuwa na hamu. Mgeni kutoka mbali alikuwa na habari za pwani, za bei, za Unguja, na sura yake peke yake ilikuwa kitu cha kutazamwa. Lakini walifahamu kwamba mtu aliyetoka njiani hana uso wa kuwapa watu bado. Walimpa nyumba, wakampa utulivu, wakarudi kwao. Miaka 15 baadaye, mmisionari na mpelelezi David Livingstone alikaa katika tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka hapa, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akiwangoja watu kutoka pwani wamfikie ili aendelee na safari yake. Kukaa na kungoja ni sehemu ya historia ya mahali hapa kama ilivyo kutembea.

Lakini siwezi kuisifu njia ile bila kutaja upande wake wa pili. Wengi walipita Tabora wakiwa wamefungwa, wakipelekwa pwani kuuzwa, na kwao kituo hiki kilikuwa hatua nyingine ya kupelekwa mbali zaidi na kwao. Silinganishi mtu na mjusi, na sitaki mtu anielewe hivyo. Ninachosema ni kwamba wakazi wa mji wenye kumbukumbu hiyo wanatakiwa waone haraka tofauti kati ya aliyefika na aliyefikishwa, na kwamba swali la kumtuliza mgeni halianzi mlangoni. Linaanza kule alikotolewa. Hata mjusi wetu wa nyumbani ana habari inayogusa biashara ya watumwa. Hemidactylus mabouia, ambaye asili yake ni Afrika, alielezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1818 kutoka visiwa vya Karibi. Wataalamu wengi wamedhani kwamba alivuka Atlantiki kwa merikebu, zikiwemo zile zilizobeba watumwa, naye akakaa ng'ambo kama anavyokaa huku, ukutani karibu na taa.

Kuna mjusi wa nchi hii ambaye hadithi yake inalifanya swali hilo la chanzo lisiepukike. Ukipanda treni ya reli ya kati kutoka Tabora kwenda mashariki utafika Morogoro, na chini ya milima ya Uluguru kuna msitu wa hifadhi wa Kimboza, wenye ukubwa wa takribani hekta 400 tu. Humo, na katika vipande vichache vya msitu vya karibu, ndimo anamoishi Lygodactylus williamsi, na hayupo mahali pengine popote duniani kwa asili yake. Arthur Loveridge alimweleza kisayansi mwaka 1952. Ni mdogo, urefu wake hauzidi kidole cha mtu mzima. Dume lake lina buluu kali inayong'aa. Jike ni la rangi ya kijani na kahawia. Tofauti na mjusi wa ukutani, huyu hutembea mchana. Anaishi juu ya mti mmoja wa jamii ya mkadi, Pandanus rabaiensis, wenye majani marefu yenye miiba ambayo hutunza maji ya mvua katika mashina yake. Kwenye mti huo hula, hunywa, hupigana na madume wengine na kutaga mayai yake. Mti wake ndio mji wake.

Buluu ile ilimponza. Wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia walimtaka. Utafiti wa Morris Flecks na wenzake uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilitoa msituni mijusi 32,310 hadi 42,610, sawa na takribani asilimia 15 ya wote waliokuwapo wakati huo. Na namna ya kuwakamata ilikuwa mara nyingi kuukata mti. Mkadi uliangushwa ili mjusi mmoja au wawili waliojificha kwenye majani wachukuliwe, na waliobaki wakabaki bila mti. Mwaka huohuo wa 2012 mjusi huyu aliingizwa katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje, na katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka huo, nchi zilikubaliana kumweka katika Kiambatisho cha Kwanza, ambacho huzuia biashara ya kimataifa ya viumbe waliokamatwa porini. Uamuzi huo ulianza kutumika Januari 2017.

Namfikiria mtu mwema wa ng'ambo aliyemnunua mmoja wa mijusi hao miaka ile. Naamini alifanya kila alichoelekezwa. Aliweka mianzi ya kujificha na majani marefu kama ya mkonge, akawasha taa yenye miale inayousaidia mwili kutengeneza vitamini D, akapuliza maji asubuhi na jioni, akawapaka nyenje wadogo unga wa kalsiamu ili mifupa ya mjusi isilainike. Hakumshika. Akangoja kwa subira. Na pengine mjusi alitulia, akala, akang'aa buluu yake, mwenye nyumba akafurahi. Hata hivyo utulivu ule ulikuwa umelipiwa na mti ulioanguka Kimboza, na hakuna kiasi cha uangalifu ndani ya kioo kinachoweza kuufanya mti huo usimame tena. Kwa hiyo kwangu swali la kwanza la mfugaji ni kuhusu chanzo, na linatangulia lile la joto na lile la unyevu. Alizaliwa katika nyumba ya mfugaji mwingine, na kuna ushahidi wa hilo? Au alichukuliwa? Aliyezaliwa mikononi mwa watu hufika na hofu ndogo na vimelea vichache, hivyo hata kwa upande wa afya kutulia kwake ni kwepesi. Aliyekamatwa porini hubeba mwilini kila kitu alichopitia. Hapa kwetu jibu liko wazi zaidi: wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kukamata mnyama wa porini ili umfuge si jambo la kujiamulia.

Baada ya chanzo yapo makao, na makao ni pamoja na watu. Hili nalisisitiza kwa sababu maelekezo mengi ya ufugaji huongelea taa na kioo, yakawasahau walioko chini ya paa lilelile. Katika nyumba nyingi za Tabora kuna Waislamu wanaoijua hadithi ya Mtume kuhusu mjusi aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahimu, na kwao kumuua ni jambo lenye maelekezo ya dini. Siwezi kuliingilia hilo, wala sioni kwamba mpenda wanyama ana ruhusa ya kulidharau. Yupo pia bibi anayeamini kwamba mjusi akiangukia mboga chakula kimekuwa sumu, na kijana ambaye ngozi humsisimka akimwona tu. Kumleta mjusi katika nyumba ambayo mmoja wa wakazi wake atamfuata na fagio ni kumweka mgeni mahali ambapo hatatulia kamwe. Mazungumzo na wenye nyumba ni sehemu ya maandalizi, kama ilivyo kupima joto. Wakikataa, hiyo ndiyo hali ya mahali hapo, nawe utafute njia nyingine ya kumpenda kiumbe huyo.

Na wenye hofu hawakosei katika kila jambo. Mjusi wa namna hii hana sumu, lakini kinyesi chake kinaweza kubeba bakteria wa salmonela, wanaoharisha watoto wadogo na wazee vibaya. Anayesafisha makao yake anawe mikono kwa sabuni, vyombo vya mjusi visioshewe pamoja na sahani, na mtungi wa maji ufunikwe. Ukimwambia bibi hayo kwa heshima, ukampa ukweli mahali pa tisho, huenda akakukubalia kuliko ukimcheka. Nyumba inayojua namna ya kuishi na mgeni wake ina hofu kidogo kuliko nyumba inayolazimishwa kumpenda.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mengi mno kwa kiumbe mdogo kiasi hiki. Mbona kuku huletwa nyumbani amefungwa miguu, akaachiwa uani, kesho akadonoa. Kuku ana maelfu ya miaka ya kuishi nasi. Damu yake imezoea mguu wa mtu. Mjusi hakuwahi kufanya mapatano hayo nasi. Hata yule wa ukutani anakaa nasi bila kutuhitaji, akitumia taa yetu na joto letu, na siku nyumba ikibomolewa huhamia kwingine. Hafurahii kuja kwetu. Haijui sauti yetu kama mbwa anavyoijua. Tukimfuga, tunapaswa kukubali tangu mwanzo kwamba shukrani haitakuja kwa sura tuliyoizoea. Itakuja kama hamu ya kula. Itakuja kama ngozi iliyovuliwa nzima bila kukwama vidoleni, kama mayai mawili meupe yenye ganda gumu, kama mjusi aliyejinyoosha juu ya jiwe la joto bila kukimbia mtu anapopita. Anayetaka zaidi ya hapo anatafuta mnyama mwingine, na si vibaya kumtafuta huyo mwingine.

Kwetu tuna desturi ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, ashiriki kazi za nyumba, na kwa binadamu ni desturi njema kwa sababu kazi humwingiza mtu katika watu. Kwa mjusi nadhani jembe libaki kwa mwenyeji. Yeye ndiye anayefanya kazi: kupima joto mchana na usiku, kurashia maji wakati wa kiangazi cha Agosti hewa ya Tabora inapokauka hadi midomo inapasuka, kutafuta wadudu wasiopuliziwa dawa, kufunga mlango taratibu. Dawa ya kuua wadudu ni jambo la kuangaliwa hasa. Nyumba inayopuliziwa kila jioni haiwezi kuwa makao ya mnyama anayekula mbu na nondo waliokwisha kuguswa na sumu hiyo. Msimu wa mvua za kwanza, kumbikumbi wanapojaa taani, mwenye nyumba anayewaua kwa dawa anaondoa karamu ya mwaka ya kila mjusi aliye ukutani kwake.

Nimeandika haya kwa kuwa naona vijana wengi, hapa na katika miji mikubwa, wameanza kupenda viumbe ambao wazazi wao waliwaogopa. Wanatazama picha za mijusi wa rangi zote kwenye simu, wanatamani. Tamanio hilo ni jema, nami sitaki lizimwe kwa kejeli wala kwa hofu. Nataka lipate malezi. Kabla ya kumtaka mjusi, mtu ajiulize kama anaweza kumwandalia mahali akaondoka. Aulize katolewa wapi, na akubali kumkosa ikiwa jibu ni baya. Aketi na wenye nyumba. Kisha aanze na wale ambao tayari wapo: achague ukuta mmoja, aache dawa, awashe taa, ajifunze ni nani anatoka saa ngapi, nani ana mkia uliokatika, nani anamfukuza nani. Mijusi hao hawahitaji kibali, kioo wala safari, na wamekwisha kujichagulia nyumba yetu. Anayeweza kuishi nao kwa miezi kadhaa, akiwajua bila kuwagusa, amepata sifa ya kwanza ya ufugaji, na wengi wa watu wa namna hiyo, nadhani, hawataona tena haja ya kununua wa mbali.